Uko Orlando na watoto? Toka kidogo nje ya Disney

Naishi Orlando, Florida, na kila Desemba shule za kwetu Afrika Mashariki zikifungwa, nyumba yangu hujaa wageni. Wengi hufika na mpango mmoja tu: Disney asubuhi, Disney jioni. Siku ya tatu watoto wamenuna, miguu ya bibi imevimba, na baba anapiga hesabu ya tiketi kimyakimya. Siku hizi nawapangia hivi.

Hatua ya 1: Tenga siku kabla ya kununua tiketi. Tiketi ya siku 4 si lazima uimalize kwa siku 4 mfululizo. Kila baada ya siku mbili za Disney, weka moja ya kutoka. Siku moja, mahali pamoja. Anayekwambia utamaliza Kennedy, kituo cha roketi, na mji wa kale wa St. Augustine kwa mkupuo hajawahi kuendesha gari lenye mtoto wa miaka mitatu.

Hatua ya 2: Kodi gari. Huku tunaendesha upande wa kulia. Barabara nyingi ni za kulipia na kamera ndiyo inayosoma namba ya gari, kwa hiyo muulize mwenye gari atakutoza vipi kabla hujawasha injini. Mtoto wa miaka 5 kushuka chini lazima awe na kiti chake.

Hatua ya 3: Anza na nguva. Nenda Blue Spring, bustani ya jimbo iliyoko Orange City, kaskazini mwa Orlando. Maji ya chemchemi ile hayapungui nyuzi 22 mwaka mzima. Mto St. Johns ukipoa, kuanzia katikati ya Novemba hadi Machi, nguva huingia pale kujipasha moto. Kwa hiyo usiogope asubuhi ya baridi. Hiyo ndiyo unayoitaka. Lango hufunguliwa saa 2 asubuhi, na wikiendi magari yakijaa hufungwa, mkabaki nje mnatazamana. Mimi huwa nimefika kabla halijafunguliwa, chai ikiwa kwenye chupa.

Mtatembea kwenye njia ya mbao kando ya maji. Kuogelea ni marufuku nguva wakiwepo. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kilwa, aliinama kwenye ukingo, akatazama weee, kisha akasema, "Huyu si nguva wetu. Mkia wake kama mwiko." Na kweli: nguva wa kwetu ana mkia wa panda kama wa pomboo. Hawa ni binamu zake.

Hatua ya 4: Kennedy Space Center. Ni mwendo wa saa moja hivi kuelekea mashariki. Ukiingia, panda kwanza basi la ndani, foleni ikiwa bado fupi, likupeleke kwenye Saturn V, roketi ya mita 111 iliyolazwa ndani ya jengo. Chombo cha anga cha Atlantis, kilichoruka mara 33 hadi 2011, kitakusubiri. Kama siku hiyo kuna roketi inayorushwa, unaweza kuiona bure kutoka Titusville, ng'ambo ya maji. Ila usiwaahidi watoto. Huahirishwa mara kwa mara.

Hatua ya 5: St. Augustine, kwa wenye watoto wakubwa. Ni mbali, karibu saa mbili. Mji ulianzishwa na Wahispania mwaka 1565. Ngome yake, Castillo de San Marcos, ilianza kujengwa 1672 kwa mawe ya magamba ya kombe yaliyogandamana. Aliyezoea kuta za matumbawe za Fort Jesus atataka kuzigusa. Risasi za mizinga ya Waingereza zilididimia ukutani badala ya kuuvunja.

Usiondoke bila kupita Fort Mose, kaskazini kidogo ya mji. Mwaka 1738 Waafrika waliotoroka utumwa kwenye makoloni ya Waingereza walipewa na Wahispania makazi yao huru pale, kwa sharti la kubatizwa na kuilinda Florida. Kiongozi wao alikuwa Francisco Menéndez, Mmandinka. Hapo mwachie kijana wako muda asome mwenyewe.

Kisha geuzeni mapema. Barabara ya I-4 ikifika saa 10 alasiri haisogei, na mkojo wa mtoto hausubiri foleni.