Somo: Kukompaili keneli ya Linux kwenye laptopu ya ramu GB 1

Wakuu, wengi wanasema mashine ya GB 1 haiwezi kukompaili keneli (yaani kugeuza kodi ya kiini cha Linux iwe programu inayoendeka), inaweza sana tu, ila uwe na subira na ujue ramu inaliwa wapi. Mimi nimefanyia kwenye kilaptopu cha zamani chenye Debian, nikaiwasha jioni nikalala, asubuhi feni bado inalia kama cherehani.

1. Vuta kwa apt (kisakinishi cha programu cha Debian): build-essential, flex, bison, bc, libssl-dev, libelf-dev, libncurses-dev. Sosi kodi shusha kernel.org, ifungulie kwenye diski, sio kwenye fleshi.

2. Swapu kwanza (nafasi ya diski inayosaidia ramu ikijaa), kama root (mtumiaji mkuu):
fallocate -l 2G /swapu
chmod 600 /swapu
mkswap /swapu
swapon /swapu

3. Hapa ndo penyewe. Ukibeba konfigi (orodha ya vitu vya kukompaili) ya Debian kama ilivyo utakompaili madraiva ya vifaa ambavyo hujawahi hata kuviona. Piga make localmodconfig, inaangalia moduli (vipande vya keneli, kama madraiva) zinazotumika muda huo inabakiza hizo tu. Ila chomeka kwanza kila kitu chako, mimi nilisahau modemu ya USB, keneli ikaja inawaka chap lakini intaneti hamna, nikarudia upya usiku mzima.

Kisha make menuconfig, ingia Kernel hacking uzime debug info (taarifa za kutafutia makosa), maana mwishoni kwenye kuunganisha vmlinux (faili la keneli lenyewe) ndo hiyo inameza ramu yote. Na hii usiiruke, konfigi ya Debian inadai faili la vyeti vya saini ambalo huna, itagoma:
scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""

4. Funga brauza, piga make -j1 (kazi moja kwa wakati). Hizo -j4 waachie wenye ramu zao. Ikiisha, kama root: make modules_install, halafu make install. Keneli ya zamani usiifute!

MASWALI

– Mkuu umeme ukikatika katikati naanza upya?
– Hapana, piga make tena inaendelea ilipoishia. Ikilalamikia faili fulani la .o (kipande kilichokwisha kukompailiwa), futa hilo tu, lilikatikia njiani.

– Yangu imeandika Killed, cc1 (kompaila yenyewe), ikasimama.
– Ramu imeisha. Cheki free -m, uliirestati nini? Swapu inazimika usipoiandika kwenye /etc/fstab.

– Kaka si nikompailie tu kwenye mashine ya ofisini?
– Ruksa, make bindeb-pkg inakutolea .deb (kifurushi cha kusakinisha). Ila lsmod (orodha ya moduli zinazotumika) itoe kwenye laptopu yako uiweke kwenye faili, beba na konfigi yako ya /boot uiite .config, ndo upige make LSMOD=/njia/ya/faili localmodconfig. Usipofanya hivyo utapata keneli ya mashine ya bosi.

– 😂 Ndo nilichofanya jana.