Somo: Kurudisha uzi wa skrubu ya futi kwenye Singer ya zamani

Habari wakuu. Kuna dada kaniletea Singer nyeusi ya miguu ya marehemu mama yake, namba inaanza na E, yaani ni ya kile kiwanda cha Clydebank kule Scotland kilichofungwa 1980. Kiwanda hakipo, mashine inashona! Ila futi (kile chuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano) haikazi kabisa, kila akishona inalegea. Kumbe fundi aliyemtengenezea mwanzo alilazimisha bolti ya milimita 4 akaikaza na koleo mpaka uzi wote ukaliwa. Iliniuma, ndo maana naandika hili somo.

Uzi hapa nasema meno ya skrubu sio uzi wa kushonea. Mashine hizi sio za milimita jamani. Skrubu ya futi ni inchi 9/64, meno 40 kwa inchi moja, ukigeuza ni unene wa 3.57 mm na jino hadi jino 0.635. Bolti ya 4 jino hadi jino ni 0.7, ikiingia raundi moja mbili inaanza kujichimbia njia yake. Hata ya 3.5 yenye 0.6 inadanganya, mwanzo inateleza vizuri halafu inagoma, wewe unadhani ni kutu unaongeza nguvu, kwisha habari.

Hatua ya 1. Jua kilichoharibika ni nini. Azima skrubu ya futi kwenye mashine nzima, hata Butterfly maana imeigwa Singer 15, ingiza kwa vidole tu. Ikishika ikakaza basi tundu liko poa, nunua skrubu mpya umemaliza.

Hatua ya 2. Kama kipande kimekatikia ndani, dondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na ya cherehani, acha ilale hadi kesho. Asubuhi gusisha ncha ya ile pasi ya kuunganishia waya kwa risasi dakika kadhaa, ikipoa jaribu kutoa. Bisibisi ijae mfereji wote, ikicheza isage kwanza. Na ukifuta mafuta usitumie spiriti wala thina, yale maua ya dhahabu yatatoka na hutayarudisha.

Hatua ya 3. Toa nguzo ya futi, ile fimbo ya chuma inayoshika futi na yenye tundu la skrubu. Kabla hujalegeza chochote piga alama ya penseli ilikokaa, urefu na upande iliotazama, ukiruka hapa futi itakaa mshazari na kitambaa kitakwenda upande.

Hatua ya 4, hii ndo yenyewe. Tepu (kifaa cha kukatia uzi ndani ya tundu) ya saizi hiyo dukani ni shida kuipata, kwa hiyo jitengenezee. Chukua skrubu nzima ya Singer, ibane kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao, kwa tupa ndogo chimba mifereji mitatu kuanzia nchani kwenda juu, kisha punguza ncha kidogo iwe nyembamba. Paka mafuta, ingiza ikiwa imenyooka, nusu mbele robo nyuma, nusu mbele robo nyuma, kila mara toa ufute ile ungaunga nyeusi. Ukisikia kama inakwaruza mchanga ni sawa, ukisikia imekuwa ngumu ghafla SIMAMA. Hii inanyoosha meno yaliyolala, haioti meno mapya.

Mashine ya yule dada meno mawili ya mwisho ndani yalikuwa mazima, yakaongoza mengine, ikakaza.

MASWALI

Swali: Mkuu, kama uzi umeisha wote je?
Jibu: Nguzo kutoka kwenye Butterfly iliyokufa, pima unene kwanza na urefu. Ukikosa, toboa 3.3 kata uzi wa 4 kwa tepu ya kweli, ila hakikisha bolti ya 4 inapita kwenye upenyo wa futi zako zote.

Swali: Superglu au uzi wa plasta ya bomba haisaidii, kaka?
Jibu: Hapana dada yangu. Futi inatikisika kila sindano inaposhuka, siku moja inalegea inakaa chini ya sindano, sindano inavunjika karibu na jicho lako.

Swali: Fundi, tunakazaje ili isiliwe tena?
Jibu: Vidole, halafu bisibisi kidogo sana. Koleo usiisogeze hapo.