Penseli ikae mbali na bati la ndege yako

Mnaojenga ndege nyumbani kwa bati la alumini, msichore mistari kwa penseli. Ile ncha nyeusi ni grafiti, na grafiti ikigusana na alumini penye unyevu huzuka umeme mdogo unaoila alumini taratibu. Kutu hufuata mstari ule ule uliouchora, tena mara nyingi chini ya rangi, ambako hutaiona mapema.

Msumari wa kuchorea, yaani chuma chenye ncha kali cha kukwaruzia mistari, nao ni hatari, na kwangu mimi ni hatari zaidi. Bati la 2024-T3 (aloi ya alumini itumikayo kwenye ndege) aina ya Alclad lina ganda la alumini safi linalolikinga dhidi ya kutu. Kwenye bati la unene wa mm 0.8, ganda hilo ni takriban mm 0.04 tu kila upande. Mkwaruzo hulipenya kirahisi, na bati likitikisika angani muda mrefu, ufa huweza kuanzia hapo hapo.

Tumia maka peni ya ncha nyembamba. Futa wino kwa spiriti kabla ya kupaka praima (rangi ya kwanza ya chini), maana wino mwingine hupenya ukatokeza juu ya rangi. Msumari ubaki kwa mistari iliyo upande wa kipande kitakachokatwa na kutupwa.