Somo: Kuunda bendi ya jazi ya Kilatini yenye watu wa asili mbalimbali jijini

Wakuu, swali la "naanzaje" linarudi kila mara na majibu yangu yametawanyika kila pahali. Nayaweka yote hapa. Jazi ya Kilatini ni jazi iliyochanganywa na midundo ya Kuba na ya Amerika ya Kilatini. Someni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

1. Tafuta chumba ambacho ngoma hazitamkosesha jirani usingizi.

2. Anza na wenye mdundo: konga (ngoma ndefu za mkono), timbali (ngoma za chuma za kupigwa kwa vijiti), besi, piano. Wapuliza tarumbeta na saksafoni watafuata.

3. Watafute watu wanakopiga: ibadani, harusini, vyuoni, kwenye kumbi za dansi. Usimchukue mtu ili bendi ipendeze kwenye picha. Mchukue kwa anachokijua ambacho wengine hawakijui, kisha mpe nafasi ya kukifundisha. Bendi ya mwimbaji Machito, iliyoanza New York mwaka 1940, ilichanganya Wakuba, Wapuerto Rico na Wamarekani Weusi. Mario Bauzá, aliyeiongoza kimuziki, alikuwa ameshapiga kwenye bendi za jazi za Chick Webb na Cab Calloway, kwa hiyo alizijua pande zote mbili, ya Kuba na ya jazi, kwa ndani.

4. Klave. Hapa ndipo bendi nyingi hufia, kwa hiyo someni taratibu. Klave ni mdundo mfupi unaojirudia wimbo mzima, na kila ala huufuata. Klave ya son (mtindo wa muziki wa Kuba) ina mapigo matano ndani ya vipimo viwili vya hesabu ya nne. Ya 3-2 (mapigo matatu, kisha mawili) kipimo cha kwanza inaangukia hesabu ya moja, nusu hesabu baada ya mbili, na nne. Kipimo cha pili inaangukia mbili na tatu. Ya 2-3 ni kinyume chake. Mpiga piano akianza montuno (mchoro wake unaojirudia) upande mmoja na mtu wa timbali akaanza upande mwingine, kila mmoja peke yake yuko sawa, lakini pamoja ni vurugu. Kwa kuwa wametoka sehemu tofauti, kila mmoja ataamini mwenzake ndiye kapotea, na ugomvi utageuka kuwa wa "watu wenu". Wekeni ala chini. Mmoja apige makofi ya klave, wengine waimbe sehemu zao kwa mdomo, kisha mbadilishane.

Onyo: klave ikishaanza haigeuzwi ili kumfuata mpuliza tarumbeta aliyeteleza. Ni yeye anayerudi.

Onyo la pili: besi isikandamize hesabu ya moja. Tumbao (mchoro wa besi unaojirudia) la kawaida hupiga nusu hesabu baada ya mbili, kisha nne, na ile nne tayari imebeba kodi (noti zinazopigwa pamoja, "chord") ya kipimo kinachofuata.

5. Mgao wa fedha uandikwe kabla ya onyesho la kwanza.

MASWALI

Swali: Mkuu, klave ni kitu gani?
Jibu: Hatua ya 4.

Swali: Jazi ni uhuru. Hizo sheria za nini?
Jibu: Anayepiga solo ana uhuru wote kwa sababu wenzake hawayumbi. Jaribu bila klave, kisha usikilize rekodi yenu.

Swali: Nina mpigaji aliyekulia kwenye ngoma za Afrika Magharibi. Klave ya rumba anaipiga vizuri ajabu, ila "moja" yake (mwanzo wa hesabu) haipo tunapoisikia sisi. Nimsahihishe?
Jibu: Hapana, ndugu yangu, huyo ni hazina. Klave ya rumba huchelewesha pigo la tatu la ile ya son kwa nusu hesabu, na ni ndugu wa kengele za huko. Mwombe acheze kwa miguu huku akipiga, nanyi mtazame mguu unapotua. Baada ya hapo kubalianeni "moja" ya wimbo huo, na yeye aongoze sehemu moja kwa kuisikia kwake.

Swali: Na Mbrazili anayetaka samba?
Jibu: Mpeni wimbo mzima. Samba huhesabiwa kwa mbili, na surdo kubwa (ngoma nene ya samba) hulemea pigo la pili. Msiibandike klave ya Kuba juu yake. Mtu wa konga siku hiyo awe mwanafunzi.

Nyongeza kutoka kwa mdau: Konga za ngozi halisi zilegezwe baada ya kupiga, hasa hali ya hewa ikibadilika.
Jibu: Kweli kabisa. Zungusha kila nati kidogo kidogo kwa zamu, pete inayobana ngozi isije ikakaa upande.