Chumvi na madini kwa ng'ombe wa nyama wa malishoni: anza na maji, mfuko baadaye

Mwongozo huu ni kwa mwenye ng'ombe wanaoishi kwa nyasi mwaka mzima, wawe Boran, Mpwapwa au wa asili, ambaye dukani ameambiwa "chukua jiwe hili la kulamba, linatosha". Nimeuandika baada ya kumsaidia jirani mmoja kule Kiteto. Madini yake ya bei yalikuwa yamekauka horini bila kuguswa, huku ng'ombe wakitafuna mifupa ya mizoga porini. Ng'ombe wa maziwa wanaopewa pumba na mashudu wana hesabu yao nyingine, sitaigusa.

Hatua ya 1: Watazame

Anayetafuna mifupa anatafuta fosforasi. Anayelamba udongo, mkojo wa wenzake au mpini wa jembe wenye jasho anatafuta sodiamu. Manyoya meusi yakigeuka rangi ya kutu, na weupe ukamzunguka macho kama amevaa miwani, shuku shaba. Anayekonda katikati ya nyasi nyingi huenda amekosa kobalti. Walowezi wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliuita ugonjwa huo Nakuruitis. Lakini minyoo na ndorobo nao hukondesha, kwa hiyo ondoa hao kwanza.

Ukiona mifupa inatafunwa, mizoga izikwe au ichomwe siku hiyohiyo. Ndani yake huweza kuwa na sumu ya botulizimu, na ng'ombe akishapooza huna cha kumfanyia.

Hatua ya 2: Pima maji

Hapa ndipo wengi wanapotea, na ndipo tulipopoteza muda mwingi na jirani yangu.

Ng'ombe hana hamu ya fosforasi wala shaba kama aliyo nayo kwa chumvi. Ndiyo maana watengenezaji huchanganya madini na chumvi: hamu ya chumvi humleta horini, na akishashiba chumvi huondoka. Chumvi ndiyo inayomwita na ndiyo inayomzuia asizidishe. Mpango huo hufanya kazi vizuri pale anapokunywa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya mto au ya lambo la mvua.

Sasa mpeleke kwenye kisima kirefu cha nyanda kavu. Tuseme maji yana chumvichumvi zilizoyeyuka miligramu 2,500 kwa lita, kiwango ambacho ng'ombe anakivumilia. Akinywa lita 40, ameingiza gramu 100 za chumvichumvi kabla hajaliona hori. Kama sehemu kubwa ni sodiamu, atalipita hori lako bila kugeuza shingo, hata kama mfuko una kila madini yaliyoandikwa vitabuni. Ndivyo ilivyokuwa Kiteto. Aliyeuza mfuko alisema ng'ombe "hawajazoea", jirani akasubiri wazoee.

Kipimo cha mkononi cha TDS (jumla ya chumvichumvi zilizoyeyuka, miligramu kwa lita) ni rahisi, na afadhali ukinunue kabla ya mfuko wa kwanza. Pima kila chanzo, kiangazi na masika, maana kisima kilekile hubadilika. Chini ya 3,000 hakuna tatizo kwa ng'ombe wengi. Ukizidi 5,000 angalia wenye mimba na ndama; ukifika 10,000 usiwanyweshe. Lakini kipimo hicho hakikuambii ni chumvi gani. Peleka chupa maabara ya maji uulizie sodiamu, salfeti, chuma na floraidi. Salfeti na chuma nyingi huzuia shaba isifyonzwe, basi unaweza kuwa na shaba ya kutosha kwenye lebo na bado miwani ikabaki machoni.

Floraidi usiipuuze ukanda wa Arusha na Bonde la Ufa. Kama meno ya watoto wa kijiji yana madoa ya kahawia, ng'ombe nao wanainywa. Hapo ndipo ninapokataza kabisa fosfeti ghafi ya mawe, ile ya mbolea kutoka Minjingu, kuwekwa horini eti kwa kuwa ni fosforasi ya karibu. Ni nzuri shambani, ila ina floraidi na itaharibu meno na mifupa ya ng'ombe.

Uamuzi baada ya kupima:

- Maji baridi: DCP (fosfeti ya kalsiamu ya mifugo, ndiyo yenye fosforasi) sehemu moja kwa chumvi sehemu moja, pamoja na premiksi, yaani mchanganyiko wa kiwandani, ya shaba, kobalti, zinki, seleniamu na madini joto kwa kipimo cha mtengenezaji. Chumvi ya chengachenga isiyosafishwa inafaa, iwe ya Bagamoyo, Lindi au Uvinza. Kama hawajaonja chumvi muda mrefu, wape chumvi tupu wiki moja kwanza, maji yakiwepo tele, la sivyo watabugia mchanganyiko.
- Maji ya chumvi: ondoa chumvi. Changanya DCP na premiksi kwenye pumba ya mahindi, lowesha kwa molasi kidogo. Hakuna tena kinachomzuia mlaji, kwa hiyo usiwaachie wazi. Pima kwa idadi yao, wape jioni bomani.

Magadi ya Ziwa Natron si mbadala. Yana sodiamu, lakini fosforasi utaitafuta kwingine.

Hatua ya 3: Soma lebo kwa gramu

Asilimia pekee haisemi kitu. Dume la kilo 300 linalokua vizuri linahitaji fosforasi gramu 13 hivi kwa siku. Nyasi za ardhi duni, kilo 7 za makavu zenye asilimia 0.12, zinampa 8.4. Pengo ni karibu gramu 5. Mfuko wenye asilimia 8, akilamba gramu 80, unampa 6.4: umeziba. Jiwe lenye asilimia 1, akilamba gramu 40, linampa 0.4. Wekundu wa jiwe nao usikubabaishe. Mara nyingi ni oksaidi ya chuma, rangi tu.

Soma pia kama kuna monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe. Punda akiila anaweza kufa, na wafugaji wetu wengi wana punda zizi moja na ng'ombe. Madini ya ng'ombe yenye shaba nyingi nayo huua kondoo.

Hatua ya 4: Unga, si jiwe

Ulimi hauwezi kukwangua jiwe gumu vya kutosha. Unga wa mifupa wa kujichomea nyumbani sitaki kuusikia: kimeta huweza kupona kwenye moto usiounguza mifupa yote.

Hatua ya 5: Hori

Pipa la plastiki lililopasuliwa katikati, paa juu. Chuma kitaliwa na chumvi.

Hatua ya 6: Pima ulaji

Pima kwa mzani unga uliomwaga horini, toa uliobaki, gawa kwa ng'ombe na kwa siku. Wakila kidogo, punguza chumvi au sogeza hori karibu na maji. Wakizidisha, ongeza chumvi au lisogeze mbali.

Halafu msimu. Wengi hununua fosforasi kiangazi, ng'ombe wakiwa mifupa mitupu. Wakati huo kinachokosekana kwanza ni protini, na fosforasi haitamnenepesha anayepungua. Hela ya DCP itumie masika, nyasi zikiwa mbichi na mnyama anaongeza nyama. Kiangazi waachie chumvi kama maji ni baridi, fedha nyingine ipeleke kwenye mashudu ya pamba au alizeti.