Jinsi ya kuandika riwaya ya upelelezi yenye fumbo la kale la dini

Wengi tunapoanza riwaya za aina hii hukimbilia siri: ukoo uliofichwa, injili iliyozikwa, watawa wenye majambia chini ya majoho. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na vyote hivyo, ukafia ukurasa wa 80. Siri nilikuwa nayo, lakini sikuwa na kitu ambacho mpelelezi wangu angeweza kukishika, kukinusa au kukipima. Siku hizi naanza na kitu, siri inafuata.

Hatua ya 1: Tafuta kitu chenye lebo ya uongo

Kiwe kidogo, kibebeke, na kiwe na madai makubwa juu yake. Mwaka 1867 chupa ilionekana darini mwa duka la dawa jijini Paris, lebo yake ikidai kwamba ndani mna mabaki ya Jeanne d'Arc, binti aliyechomwa moto Rouen mwaka 1431. Mwaka 2007 timu ya daktari Philippe Charlier ilitoa majibu: kilichokuwamo kilitoka kwenye maiti ya Misri iliyohifadhiwa kwa dawa karne nyingi kabla ya Kristo, na mfupa mmoja ulikuwa wa paja la paka. Ninachokipenda zaidi ni kwamba wataalamu wawili wa manukato waliitwa kunusa mabaki hayo, wakapata harufu ya vanila. Harufu hiyo huendana na mwili uliooza taratibu, wala si ulioteketezwa kwa moto.

Ukishapata kitu chako, chukua karatasi ujibu maswali matatu. Lebo inasema nini? Kitu chenyewe kinasema nini? Nani anakula kutokana na tofauti ya majibu hayo mawili? Huyo wa tatu ndiye mtuhumiwa wako wa kwanza.

Hatua ya 2: Andika historia yote ya kitu kabla ya sura ya kwanza

Kurasa mbili zinatosha: nani alikitengeneza, nani alikiiba, kilikaa wapi, nani anajua. Msomaji hatazisoma, lakini usipokuwa nazo utajikuta unaongeza siri mpya kila ukikwama.

Hatua ya 3: Amua maabara inaulizwa swali gani

Hapa ndipo riwaya nyingi huanguka, kwa hiyo tukae kidogo. Maabara hujibu swali iliyoulizwa, basi. Kipimo cha kaboni-14, kinachokadiria umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai, kikifanywa kwenye ngozi ya kuandikia hukuambia mnyama alikufa lini. Hakikuambii wino uliwekwa lini. Kurasa za Kurani zilizoko Chuo Kikuu cha Birmingham zilipopimwa, majibu yaliyotangazwa mwaka 2015 yaliiweka ngozi kati ya mwaka 568 na 645, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Hiyo ni ngozi. Mwandishi alikaa chini na kalamu yake lini, hilo ni swali jingine, na mtunzi wa taharuki anaishi kwenye nafasi iliyo kati ya maswali hayo mawili.

Mghushi mwerevu anaijua nafasi hiyo. Mwaka 2012 Profesa Karen King wa Harvard alitangaza kipande cha mafunjo (karatasi ya kale ya matete), kidogo kuliko kiganja, chenye maneno ya Kikopti, lugha ya kale ya Wakristo wa Misri, yanayomtaja Yesu na "mke wangu". Vipimo vilionyesha mafunjo ni ya kale kweli. Kilichokiumbua ni sarufi: maneno yake yalifanana mno na Injili ya Thomas, maandishi ya kale yasiyomo katika Biblia, hata yakarudia kosa la uchapaji lililokuwa katika nakala moja ya mtandaoni ya injili hiyo. Mwaka 2016 profesa mwenyewe alikubali kwamba ushahidi unaelekea kwenye kughushi. Hebu fikiria: mafunjo ya karne nyingi yenye kosa la intaneti!

Kwa hiyo usitegemee mashine moja. Mpe mpelelezi wako njia mbili zinazopingana, halafu ya tatu inayoamua. Hadubini ni nzuri kwa kazi hiyo. Vipande 16 vilivyodhaniwa kuwa vya Magombo ya Bahari ya Chumvi, yaani maandiko ya kale ya Kiyahudi yaliyopatikana mapangoni, katika Jumba la Makumbusho ya Biblia huko Washington, vilithibitishwa mwaka 2020 kuwa vya kughushi vyote. Ngozi ilikuwa ya kale, lakini wino ulikuwa umetiririkia ndani ya nyufa, maana yake ngozi ilikuwa imeshapasuka kabla ya kuandikwa. Msomaji anaielewa picha hiyo mara moja, bila somo la kemia.

Lugha nayo isikupite. Msomi wa Italia Lorenzo Valla aliuvua nguo waraka wa "Hiba ya Konstantino", uliodai kwamba Kaisari Konstantino alimpa Papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi, mwaka 1440 bila kifaa chochote. Alionyesha tu kwamba Kilatini chake kina maneno ambayo watu wa zama za Konstantino wasingeyatumia hivyo.

Hatua ya 4: Fanya sampuli iume

Kipimo cha kaboni-14 huteketeza kile kinachopimwa. Lazima mtu akate. Nani anaruhusu, anakata wapi, nani anashuhudia? Sanda ya Turin, kitambaa ambacho wengi huamini kilimfunika Yesu kaburini, ilipimwa mwaka 1988 na maabara tatu, za Oxford, Zurich na Arizona, majibu yakawa kati ya mwaka 1260 na 1390. Sampuli zote zilitoka kona moja ya kitambaa, na kona hiyo inabishaniwa mpaka leo. Onyesho la mkasi juu ya kitu kitakatifu lina joto kuliko kufukuzana kwa magari.

Fuata pia safari ya kielelezo: kila anayekipokea anasaini, anaandika tarehe na saa. Saini moja ikikosekana, wakili ana pa kuingilia, nawe una sura nzima. Na majibu yasirudi usiku huohuo. Mimi nilifanya hivyo, msomaji mmoja wa maabara akaniandikia kwa upole kwamba alifunga kitabu hapo. Majuma ya kusubiri ndiyo muuaji anayoyahitaji.

Hatua ya 5: Maiti na kitu viseme hadithi moja

Maiti isiwe pambo. Moyo ukisimama, damu hutuama upande wa chini na kuacha madoa. Baada ya takriban saa 8 hadi 12 madoa hayahami. Kwenye ngozi nyeusi yanataka jicho makini. Mtunza nyaraka akikutwa amelala chali na madoa yako kifuani, aligeuzwa. Sasa uliza: alikuwa amelalia nini? Kwenye kitabu changu, jibu lilikuwa jalada la mswada.

Hatua ya 6: Usimfanye muumini mjinga wala jambazi

Mmoja wa wapelelezi wa mwanzo wa Sanda ya Turin alikuwa askofu. Mwaka 1389 Pierre d'Arcis, askofu wa Troyes, alimwandikia Papa wa Avignon (wakati huo mapapa wawili walishindana, mmoja Roma na mwingine Avignon, Ufaransa) akilalamika kwamba kitambaa hicho kilichorwa na mtu. Padri, shehe au mtawa anayetaka ukweli kuliko polisi anakupa mgongano ambao kasisi mwovu hawezi kukupa.

Hatua ya 7: Funga kesi, acha swali

Muuaji ajulikane, hilo ni deni lako kwa msomaji. Kuhusu kitu, jibu swali moja tu. Kesi ya sanduku la mifupa lenye maandishi "Yakobo, mwana wa Yosefu, ndugu wa Yesu" iliisha Jerusalem mwaka 2012 kwa washtakiwa kuachiwa katika mashtaka ya kughushi, na jaji akaeleza kwamba hukumu hiyo haimaanishi maandishi ni ya kweli. Jaribu kuandika onyesho lako la mwisho chini ya hukumu ya namna hiyo: mahakama imetoka, sanduku liko mezani, na mpelelezi anaombwa asaini kwamba amelikabidhi.