Kabla hamjaanza kushuti filamu yenu ya shule, someni hapa kwanza

Skripti iwe fupi. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, sasa mmeambiwa dakika 5 mnakuja na kurasa 12 za nini, kateni leo leo. Ruhusa ya kutumia madarasa iwe ya maandishi, maana mlinzi wa Jumamosi hajui mliongea nini na mkuu wa shule. Simu iwe na chaji na nafasi ya kutosha, ubora wa video wa 4K inameza mamia ya MB kwa dakika na ule wa chini yake, 1080p, unawatosha kabisa. Iwekwe hali ya ndege pia, mtu akipiga katikati ya sini ya kilio mnaanza upya.

Sauti msiidharau. Simu ikiwa mita 4 kutoka kwa muigizaji inasikia feni kuliko inavyomsikia yeye. Chukueni simu ya pili, washeni kinasa sauti, ificheni karibu naye nyuma ya vitabu, mtu apige kofi moja mbele ya kamera ili mkiediti mlinganishe picha na sauti. Mkimaliza wote kimya sekunde 30, rekodini sauti ya hicho chumba bila mtu kuongea, mtaihitaji mkiediti kuzibia viraka vya sauti.

Sasa hili lisomeni mara mbili: msishuti kwa kufuata mpangilio wa hadithi. Kuna kundi moja nililiona, wazuri kweli, hadithi yao binti kafukuzwa shule anaficha barua. Wakashuti sini ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila siku baada ya vipindi, ikabaki moja tu ya mwisho, binti anampa mama ile barua. Hapo hapo dairekta na binti wakakosana, wala haikuwa ya filamu, ni ugomvi wao wa kazi ya hesabu huko, binti akasema harudi, wakatumwa watu wa kumbembeleza, wapi! Na tarehe ya kuwasilisha ndo hiyo imefika. Wakamvalisha mwenzake lile lile sweta wakamshuti kwa mgongo, kumbe huyu mrefu, mama ambaye filamu nzima alikuwa anamwangalia mwanawe kwa chini, ghafla anainua shingo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko pale walipotaka watu walie.

Kwa hiyo pangeni kwa mtu na kwa mahali. Sini za darasani zote siku moja, za mhusika mkuu zitangulie, na ule mwisho ushutiwe mapema watu wangali wanaongea. Kila siku mpigeni picha kila muigizaji, nguo na nywele, na mwambieni hakuna kunyoa mpaka tumalize.

Mafaili yawe sehemu mbili kabla hamjafuta kitu. Msitumiane video kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa inatoka na ukungu, tumeni kama dokumenti au tumieni waya. Wimbo unaovuma msiuweke, YouTube wataushika kwa hakimiliki. Angalieni na jua, sini iliyoanza saa nne ikaisha saa tisa vivuli vinaruka ruka. Kupanda paa kutafuta picha nzuri hakuna. Na kama mna bunduki ya bandia, mkuu, mlinzi na majirani waambiwe kabla haijatolewa kwenye begi, maana mpita njia haoni kamera yenu, anaona bunduki tu.